Dakika Tano za Upepo

Kaa hapa karibu, mwanangu Akello. Kabla sijakuwekea mkono kichwani nikubariki kama baba yako alivyoniomba, kuna asubuhi moja lazima nikusimulie. Naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na kila nikiikumbuka natamani ningekuwa mtu mwingine. Ulipoingia hapa Mengo ukaniambia umepata kazi kwenye timu inayoandika programu za kufungiwa ndani ya mashine za hospitali, zile zinazompa mgonjwa dawa tone kwa tone hata nesi akiwa mbali, nilifurahi, halafu moyo ukanilipuka. Maana ukasema ufundi umeurithi kwa babu yako Opio, na kwamba wewe hutakuwa mzembe kama yeye siku ile alipopoteza jicho. Hiyo hadithi mnayosimuliana nyumbani si ya kweli, mwanangu. Anayeijua ya kweli ni mimi peke yangu, na nimeikalia maisha yangu yote.

Tulikuwa watatu katika kiwanda cha mikate, chini huko upande wa Nakivubo. Wahindi waliokijenga walikuwa wamefukuzwa nchini, na wakubwa wa jeshi wakampa Meja mmoja ambaye mkate aliujua mezani tu. Mkubwa wetu wa ufundi alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Mbale. Wa pili babu yako, kijana mpole kutoka Lira. Wa tatu mimi, Mkenya niliyekuja kutafuta kazi nikakaribishwa na mjomba wangu kwenye nyumba za reli kule Nsambya. Nilikuwa na cheti cha ufundi na majivuno mengi.

Kompyuta hatukuwa nayo. Tulikuwa na sanduku la chuma ukutani, limejaa waya, swichi za sumaku na saa ndogo, na hilo ndilo lililoliongoza tanuri. Ukibonyeza kitufe, sanduku linawasha feni kwanza, feni inapuliza upepo ndani ya tanuri dakika tano nzima, ndipo sanduku linaruhusu dizeli na cheche. Hizo dakika tano unasimama tu, unasikiliza upepo, hakuna linalotokea. Mzee Wafula alikuwa na sheria moja asiyoichezea. Ukigusa kitu chochote ndani ya sanduku, hata skrubu moja, unaandika kwenye daftari lililoning'inia mlangoni na kutia sahihi, na kuanzia hapo kila moto unauwasha wewe, wenzako wakiwa nje, mpaka yeye mwenyewe aridhike. Aliyegusa ndiye anayewasha, alikuwa akisema, na alisema mara nyingi hadi tukawa tunamwigiza akigeuka.

Basi wiki moja Mzee Wafula akaenda kwao kumzika dada yake. Wiki hiyohiyo umeme ukawa unachezacheza. Kila ukikatika, moto unazimika, na sanduku linaanza upya na upepo wake, mikate imekaa tanuri likipoa, inatoka mibichi katikati. Siku ya tatu Meja akaja kusimama nyuma yangu.

"Hii masine nangoja nini?"

Nikamjibu kwamba inapuliza upepo, afande, dakika tano.

"Askari yangu nakula upepo?"

Alisema polepole, hata hakukunja uso. Siku zile mtu alikuwa anaitwa nje mara moja tu, na mkewe anabaki akizunguka kambini na sahani ya chakula akiuliza. Kwa hiyo naweza kusema niliogopa, na ningekuwa sisemi uongo. Lakini leo nataka kusema yote. Ile skrubu ya saa, inayopanga urefu wa upepo, nilikuwa nimeitamani kabla Meja hajafungua mdomo. Niliona dakika tano ni woga wa watu waliolitengeneza sanduku, na mimi nimesoma, mimi najua. Alipoondoka nikafungua sanduku, nikazungusha skrubu kutoka dakika tano hadi nusu dakika. Nikauwasha moto mwenyewe siku hiyo mara nne, na kesho yake, na Jumamosi, nimesimama mbele ya tanuri. Kila mara ukashika vizuri. Nikajiambia nimeshapima, kumbe nilikuwa nimepima tanuri lililokuwa na moto muda mfupi tu uliopita. Babu yako alikuwa kwenye mashine za kukandia unga, hakujua lolote. Katika daftari sikuandika. Nilitaka Mzee Wafula arudi akute mikate inatoka mapema, anisifu kwanza, ndipo nimwambie.

Meja hakuuliza nimefanya nini. Alinipa kilo mbili za sukari, na sukari wakati huo ilikuwa inatafutwa mji mzima. Moja nikampelekea nyanya yako, mke wa Opio. Alinishukuru mpaka nikaona haya, ingawa sikujua bado haya yenyewe ni nini.

Jumapili kiwanda kilifungwa. Jumatatu zamu ya kuwasha ilikuwa yangu, lakini nilipotoka Nsambya nikakuta askari wameziba barabara, wanakagua vitambulisho, nikakalishwa chini na watu wengine karibu saa nzima. Babu yako akaona nimechelewa. Meja alikuwa anakuja kuangalia mikate ya kambi, na Opio hakutaka anikose mahali pangu. Akatazama daftari, hakuna aliyegusa kitu. Kwa sheria yetu yeyote angeweza kuwasha. Akawasha kwa niaba yangu.

Nilikuwa getini niliposikia mlipuko. Tanuri lile lilikuwa kuukuu. Hata koki ya dizeli ikifungwa, matone yaliyobaki kwenye bomba yalidondoka ndani Jumapili kutwa, na mvuke wake ukajaa humo. Upepo wa dakika tano ulikuwa na kazi hiyo, kuutoa. Nusu dakika haikuutoa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia. Watu wote walimkimbilia Opio. Mimi nililikimbilia sanduku. Yeye yuko sakafuni anaita jina langu, ananiuliza kama nimefika salama, na mimi nimempa mgongo na bisibisi mkononi nikirudisha skrubu kwenye dakika tano. Ndipo nikageuka nikasaidia kumbeba.

Meja akauliza nani amehujumu tanuri. Neno hujuma wakati ule lilikuwa ni kaburi. Wakafungua sanduku, saa iko sawa. Wakafungua daftari, liko safi. Wakaenda hospitali, na babu yako, macho yote mawili yamefungwa bandeji, alikuwa usiku na mchana anajitafuta alipokosea. Akawaambia, huenda Jumamosi sikuifunga koki vizuri. Mtu asiye na kosa akajitengenezea kosa, kwa sababu hakuweza kufikiri kwamba mwenzake angemficha jambo. Walimchukua kutoka kitandani wakamweka kambini siku kumi na moja. Aliporudi alikuwa na jicho moja, na kazi hakuwa nayo tena.

Mzee Wafula aliporudi hakuuliza mengi. Kila skrubu ya sanduku alikuwa ameitia tone la rangi, na rangi ya skrubu ya saa ilikuwa imepasuka. Akaniita nje, nyuma ya magunia.

"Opio anajua?"

Nikasema hapana.

"Mimi sitakupeleka kwa Meja, maana hutarudi. Lakini huyu kijana analala akijitukana. Nenda ukamwambie. Usiponiambia umekwenda, usinisalimie tena."

Sikwenda. Nilijiambia ukuta una masikio, nitamwambia mambo yakitulia. Mzee Wafula alipita mbele yangu miezi saba bila kuitikia salamu yangu, kisha akahamia kwao. Halafu utawala ule ukaanguka, watu wakacheza barabarani, na mimi nikasimama pale najua kisingizio changu kimeanguka pamoja nao. Bado sikwenda. Opio alikuwa anatengeneza majiko ya mafuta ya taa sokoni Nakivubo. Kila nikipita ananiita, ndugu yangu, njoo unywe chai, na mimi nakunywa. Miaka yote hiyo nakunywa chai yake. Nililipa karo ya baba yako mihula miwili na watu wakanisifu kwa moyo wangu mzuri. Mwanangu, kusifiwa huko kuliniuma kuliko kofi.

Tulipomzika, baba yako alisimama akasema mzee alitufundisha kufunga kila kitu mara mbili, kwa sababu siku moja alisahau. Watu wakaguna kwa huruma. Nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa kanzu na koti. Ningeweza kusimama. Nilitazama viatu vyangu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni ya mtu aliyeharibu, ichukue hivyo. Kwenye kazi yako utakuta mahali mashine inangoja na wewe huoni inangoja nini. Usiukate huo muda mpaka umempata anayejua, na kama amekufa, tafuta alichoandika. Ukibadilisha herufi moja, iandike na jina lako, hasa ile unayoona ni ndogo mno kuandikwa. Usijisifu umepima kama umepima siku nzuri peke yake. Washa pia tanuri la Jumatatu, lililolala limezimwa. Bosi akikuharakisha, mwogope, sikukatazi, ila woga wako usimwachie mwenzako aubebe. Na likitokea la kutokea, maana litatokea, mkimbilie mtu. Sanduku liache. Useme "ni mimi" siku hiyohiyo, ulimi ukiwa bado unatetemeka, kwa sababu kadiri nilivyongoja ndivyo nilivyozidi kushindwa, mpaka aliyepaswa kusikia akawa hayupo.

Usinifute machozi, niache. Jumamosi ile tulitoka pamoja. Nilimwona Opio kwa macho yangu akiifunga koki, akaivuta tena kuhakikisha. Nenda kwa baba yako leo, umwambie mzee wake hakusahau. Umwambie na jina langu.

Mungu ailinde mikono yako, Akello. Akupe wenzako wa kweli, na wewe uwe wa kweli kwao. Kila mgonjwa atakayelala chini ya mashine yako aamke. Nakuombea hivyo kwa moyo wangu wote, lakini usiitikie amina bado. Kamwambie baba yako kwanza, na kama atakuruhusu kuipokea baraka ya mtu kama mimi, ndipo uitikie.