Mzee Mazengo na Karanga, fereti aliyekuwa achomwe sindano

Jua la Msalato, Dodoma, ndiyo kwanza linapanda ukuta, na mzee Octavian Mazengo amepiga magoti mchangani, uso ameuelekeza kwenye mdomo wa mtungi uliolazwa chini ya kichanja cha mzabibu. Anaimba huku amefumba mdomo. Wimbo hauna maneno. Ni ule mvumo wa mkamuaji anayemtuliza ng'ombe asipige teke.

Ndani ya mtungi kitu kinajinyoosha. Inatoka pua ya waridi, yanafuata masharubu, halafu kiwiliwili kirefu ambacho unadhani hakitaisha, rangi yake kama karanga za kukaanga. Mnyama anapiga miayo, anapanda mkono wa mzee mpaka begani na kumnusa nyuma ya sikio.

"Umeamka, bosi?" mzee anamtania. Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya, ambaye amesharudi nyuma bila kuambiwa. "Sogea, mwanangu. Ukimpa mkono usiuvute. Anayevuta ndiye anayeng'atwa."

Huyo ndiye Karanga. Majirani humwita kicheche, wengine panya mrefu, na yupo mama mmoja mtaani anayeapa kuwa ni nyoka aliyeota miguu. Jina lake hasa ni fereti, mnyama wa ukoo wa kicheche ambaye Wazungu wamemfuga majumbani karne nyingi, kama sisi tunavyofuga paka.

Mzee Mazengo, mwenye umri wa miaka 58, ni mlinzi na mtunza bustani nyumbani kwa Bi Violeth Mushi, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na wizara yake. Karanga alikuwa wa mhandisi wa kigeni aliyepanga nyumba ya jirani. Mkataba wa mhandisi ulipokwisha, aliondoka na masanduku yake na kumwacha mnyama kwa Bi Violeth.

"Nilikubali nikiwa nakunywa chai yake, ningekataaje?" anasema Bi Violeth huku akicheka. "Nikadhani ni kama paka, ukimpa chakula anajiendea zake. Wee! Wiki haijaisha, mikono yangu imejaa plasta kama mtoto wa chekechea."

Kilichomfanya akate shauri ni siku jumuiya ya kanisa ilipokutana sebuleni kwake. Wakiwa katikati ya sala, Karanga alitoka chini ya kochi na kumng'ata mwenyekiti kidole gumba cha mguu. Amina ya mwenyekiti ilisikika mpaka barabarani.

Bi Violeth alimpigia simu daktari wa mifugo. Mwisho wa mwezi daktari alikuwa na kazi mtaani hapo, akaombwa apitie amchome Karanga sindano ya kumlaza moja kwa moja. "Sikuwa na raha," anasema Bi Violeth, "lakini nilishachoka kuomba watu msamaha."

Mzee Mazengo alikuwa akimwagilia mzabibu, akasikia simu ile. Aliweka ndoo chini.

"Akaniambia, 'Mama, nipe mimi huyo.' Nikamuuliza, mzee, utamfanya nini? Akanijibu, 'Nitamfuga,'" anasimulia Bi Violeth.

Neno hilo mzee huyu hakulisema kwa wepesi. Kwao kijijini Haneti alikuwa mfugaji anayejulikana. Ndugu hupeana ng'ombe wa kutunza: mwenye ng'ombe anawaweka zizini kwa mwenzake, na mtunzaji anapata maziwa pamoja na heshima ya kuaminiwa. Zizi la Mazengo lilikuwa na ng'ombe wake, na pia wa kaka yake mkubwa, Gerson.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua iligoma. Malisho yakaisha, visima vikatoa tope, na ng'ombe wakaanza kulala bila kuinuka. Walikufa kumi na saba. Zaidi ya nusu walikuwa wa Gerson.

"Kaka angenitukana ningepona," anasema mzee, na hapo hatanii tena. "Alinyamaza. Wote walinyamaza. Na tangu hapo hakuna mtu wa kwetu aliyenikabidhi hata kuku."

Alimwacha mkewe, Evelina, na mashamba ya uwele, akaja mjini kutafuta kazi. Kazi aliyopata ni ya kulinda geti. "Sikatai, inatulisha. Lakini geti halizai wala halinenepi, hata ulitunze namna gani. Niliposikia mnyama anakwenda kufa mbele ya macho yangu tena, na safari hii maji yapo na mikono ninayo, nikasema hapana. Huyu hafi."

Kidogo afe, tena kwa mapenzi.

Nyumba nzima ilikuwa ikimlisha Karanga ugali na ndizi. Mzee akamwona amekonda, akampa kitu ambacho kwa mfugaji wa ng'ombe ndicho huruma yenyewe: maziwa freshi, asubuhi na jioni. Karanga aliyanywa yote na kulamba bakuli. Baada ya siku chache alikuwa anaharisha, amelala sakafuni kama tambara lililodondoka kwenye kamba.

Bi Violeth akamwita daktari kabla ya siku waliyopanga. Daktari akaja na begi lake, akauliza mgonjwa anakula nini.

"Nikamjibu kwa kujidai, maziwa!" mzee anakumbuka na kujipiga kofi la paja. "Akaniangalia. Akasema, 'Mzee wangu, huyu si ndama. Huyu anakula nyama, basi. Mnamuua kwa njaa na tumbo linamkata, halafu mnashangaa anang'ata?' Jamani! Nilitamani mchanga unimeze."

Daktari hakutoa sindano siku hiyo. Alimpa Karanga dawa ya tumbo, akamwambia mzee kuwa mwisho wa mwezi uko pale pale. Akirudi atamshika mnyama kwa mkono mtupu. Aking'ata, yatakwisha kama walivyopanga.

Ndipo mafunzo yalipoanza, na mzee anasema hakuwa na elimu yoyote ya fereti. Alikuwa na ya ng'ombe wakali.

Alianza na chakula: kwanza supu ya kuku isiyo na chumvi, halafu maini na firigisi mbichi anazopata kwa muuza kuku wa mtaani, mwanzo kwa kijiko, baadaye kiganjani. Kwa kuwa fereti havumilii joto, na Dodoma ya mwezi wa kumi haina mzaha, alilaza mtungi wa udongo kivulini, akaufunika gunia analolilowesha kutwa. Ndani aliweka shati lake la kazi, halijafuliwa.

"Jasho langu lilikuwa humo," anasema. "Ng'ombe hakupi maziwa kama hakujui harufu. Nikasema alale nalo, anizoee hata nisipokuwepo."

Na kung'ata? Mzee ananyoosha gumba la mkono wa kulia, lina makovu kama kibao cha kukatia vitunguu. Watu wa nyumbani walikuwa wakipiga kelele, wakivuta mkono, wakimchapa pua kwa ndala. Yeye alikataza yote hayo. Karanga aking'ata, mkono wa mzee ulibaki pale pale mpaka aachie. Halafu hakuna ugomvi wala neno. Anarudishwa mtungini, mchezo umekwisha. Akitulia anatolewa tena, na ule mvumo unaanza.

"Ng'ombe anayepiga teke ukimchapa, umemfundisha kupigana," anaeleza. "Unamwekea kichwa ubavuni, unamwimbia. Atapiga, atapiga, atachoka. Wewe usichoke kabla yake."

Alasiri moja Bi Violeth alitoka mbio jikoni akipiga ukelele kuwa Karanga ana kifafa. Mnyama alikuwa amepinda mgongo, anaruka ubavu ubavu, anajigonga kwenye ndoo na kutoa sauti ya kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Mzee alitazama kidogo, akaanza kucheka. Ndama wakifunguliwa asubuhi ya mvua za kwanza huruka hivyo hivyo.

"Nilimwambia, mama, hajaumwa. Ameshiba. Anafurahi."

Daktari alirudi kama alivyoahidi. Bi Violeth anasema alishindwa kukaa uani, alitazamia dirishani. Mzee alimpakata Karanga, akaanza kuvuma. Daktari akavua glavu, akaingiza kidole pembeni mwa mdomo wa mnyama, akatazama meno, akakunjua kucha moja baada ya nyingine na kuzikata. Karanga alinusa kile kidole, akakilamba mara moja, akafumba macho.

Sindano ilitoka kwenye begi hata hivyo. Ilikuwa ya chanjo.

"Nililia," anasema mzee Mazengo bila kuona haya. "Mtu mzima na mvi zangu. Nililia mpaka daktari akadhani nimeng'atwa mimi."

Leo Karanga anakwenda haja kwenye karai la mchanga, anatembea na kamba yake mpaka dukani, na akisikia mvumo hutoka popote alipojificha, ingawa mara nyingi hutoka na soksi ya mtu. Watu wenye mbwa wakorofi hupita getini kuomba ushauri. Mwenyekiti wa jumuiya naye alirudi, amevaa viatu vya kufunika.

Mgeni aliyemtikisa mzee, hata hivyo, alikuwa mwingine. Gerson alikuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwenye chumba cha mlinzi.

"Siku ya kwanza alicheka sana. 'Octavian, ndiyo mfugo wenyewe huu?' Nikamwambia, ndiyo, kaka. Sikubishana. Nililowesha gunia langu, nikakata maini yangu."

Gerson alikaa siku kadhaa, amevuta kiti karibu na mzabibu, macho yamefunikwa bandeji jicho moja baada ya jingine, anatazama kwa lile lililo wazi. Asubuhi ya kuondoka, wakiwa wanasubiri basi la Haneti, alimwambia mdogo wake kuwa ana mtamba mwekundu mwenye mimba, na zizi lake limejaa.

Mpango umeshapangwa. Mzee Mazengo ataomba likizo ya wiki mbili mvua zikianza, akamhamishe mtamba huyo. Evelina ndiye atakayekuwa naye siku zote, na tayari amekwishakata miba ya kuziba zizi lililokaa wazi miaka yote hiyo. Bi Violeth ameahidi kumhudumia Karanga kwa wiki hizo mbili. Anafanya mazoezi ya kuvuma, na kwa sasa anavuma vibaya.

Mzee anamshusha Karanga begani na kumrudisha kivulini, kisha anasimama akijipangusa mchanga magotini.

"Kaka hakuniambia pole mwaka ule, na sikumlaumu," anasema. "Na sasa hakuniambia hongera. Aliniambia, 'Njoo umchukue.'"