Kidonge cha Saa Moja

Fundi saa huyu watu walimpachika jina la Dakika, wala hawakumwonea. Kwa miaka kumi na tisa, saa moja kamili asubuhi, alimeza kidonge chake cha kufubaza virusi vya UKIMWI, halafu akasimama kumwangalia binti yake akimeza chake. Mkewe alifariki kabla dawa hazijafika, akamwachia mtoto mchanga aliyezaliwa na virusi hivyohivyo. Nyumba nzima ilikuwa watu wawili na vidonge viwili, na ugomvi wao mwingi ulikuwa juu ya hivyo vidonge.

Binti sasa ana miaka ishirini na moja, anasomea ualimu, na amechoka. "Baba, sijawahi kuamka hata siku moja nikawa mtu tu," alimwambia. Neno hilo Dakika hakulisahau.

Ndiyo maana kliniki ilipotafuta watu wa kujaribia chanjo mpya, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Chanjo hiyo haikuwa ya kuwakinga wasio na virusi. Ilikuwa ya wale walio navyo tayari, kuufundisha mwili uvibane wenyewe bila dawa. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimweleza taratibu: baada ya sindano tatu ataacha vidonge, damu itapimwa kila wiki, na virusi vikipanda tu anarudishiwa dawa siku hiyohiyo.

"Kazi yako wewe ni kutomeza," alimwambia.

Dakika akacheka. Hiyo nayo kazi?

Jamani, ilikuwa kazi. Wiki ya kwanza bila dawa, saa moja ikigonga, mkono ulikwenda rafuni wenyewe. Wiki ya pili akaanza kujisikiliza kifua, koo, mgongo. Wiki ya tatu akakohoa mara mbili, vumbi tu la saa kuukuu, lakini macho yakamletea mkewe kitandani siku zile za mwisho. Akafungua kopo la springi za saa, akatoa chupa ya vidonge aliyoambiwa airudishe kliniki na hakuirudisha. Akameza. Kesho yake akameza tena. Mimi simlaumu kwa kuogopa. Namlaumu kwa kwenda kliniki kila wiki, kunyoosha mkono achukuliwe damu, na kujitia hamnazo.

Wiki ya tisa binti alimsindikiza. Muuguzi akawapokea meno yote nje. "Mzee, virusi havionekani kabisa. Katika kundi lenu ni wewe peke yako." Daktari alionya kwamba bado kuna vipimo, wasishangilie mapema, lakini naye alisimama akampa mkono. Dakika aliupokea, akaharakisha kutoka.

Kesho yake saa moja ikagonga. Kidonge cha binti kilikuwa mezani kando ya chai, na binti hakukigusa.

"Mbona humezi?"

"Si chanjo imekubali kwako? Na damu yangu ni yako. Nikipumzika miezi miwili mitatu wakati naisubiri, itanifanya nini?" Alisema kwa furaha, na furaha ile ndiyo iliyomchoma baba yake.

Dakika alipiga moyo konde. Akaenda kuleta lile kopo, akalimwaga mezani. Chupa ikabiringika katikati ya springi, imebaki nusu.

"Nimekuwa nikimeza," alisema. "Tangu wiki ya tatu. Niliogopa kufa."

Binti aliitazama chupa, akamtazama baba. Alikasirika, na alikuwa na haki. "Mimi nimelala jana nikiota," alisema. Kisha akachukua kidonge chake, akameza, akasukuma kiti. "Vaa viatu. Twende ukawaambie."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akaipokea chupa, akavua miwani.

"Nimewaharibia kazi?" Dakika aliuliza.

"Matokeo yako yamekwenda na maji. Ungenyamaza, ungeharibu na ya wenzako." Akaiweka chupa mezani. "Na sisi tulikuuliza mambo mengi kila wiki, Mzee. Hili la kama unaogopa, hatukuuliza."

Wakarudi hadi mlangoni pa duka la saa la Dakika. Hapo binti akasimama.

"Wakitafuta kundi jingine, naingia mimi."

Dakika alitaka kukataa. Miaka yote hiyo alimtilia kidonge mkononi, na sasa aje asimame amtazame akiacha?

"Utaogopa, mwanangu. Mkono utakwenda wenyewe."

"Najua. Nimekuona. Ndiyo maana saa moja ikigonga utakuja ukae na mimi, unishike huo mkono."

Dakika akatoa ufunguo wa duka.

"Nitakushika," alisema, na ufunguo ukawa unamsumbua kuingia kwenye kufuli.