Mama Vumilia alibaki kwenye grupu la zamani

Mwenye kuwa karibu na Kibumba asubuhi hii, naomba anijibu.

Munakumbuka grupu letu la njia. Mwenye kutoka Kibumba na mboga anatuma audio, na sisi wa Goma tunamwambia kama barabara iko salama.

Juzi mtandao ukabadilisha kanuni. Sasa mutu yeyote anaingia kwenye grupu bila admin kumkubali.
Tulibishana sana. Mwishoni Papa Justin, admin wetu, akasema tuhamie mtandao mwingine. Jana tukahama.

Kuhama tunajua. Volkano ikilipuka, waasi wakishuka, mutu wa Goma anabeba godoro anaenda.

Leo nimerudi kwenye grupu la zamani kutafuta picha moja.
Nikakuta audio ya Mama Vumilia, muuza kabichi. Yeye hajui kusoma, na sisi tulitangaza kuhama kwa maandishi.

"Batoto yangu, barabara imefungwa, nimejificha. Nipite wapi?"

Chini yake, audio nyingine. Namba siijui. Sauti ya mwanaume, taratibu kabisa:
"Umejificha wapi, mama?"

Mama naye, akidhani ni mumoja wetu, akamtajia kanisa, hadi mulango wa nyuma.

Nimempigia. Simu inaita tu.
Nikatuma audio: "Mama Vumilia, toka hapo, huyo si wa kwetu."

Jibu likaja palepale, kutoka namba ileile nisiyoijua:
"Na wewe papa, uko Himbi upande gani?"

Kwenye audio yangu sikutaja kama ninakaa Himbi.