Chati Iliyokaa Sandukuni kwa Vasudha

Wapendwa, nisomeni mpaka mwisho ndipo mnicheke.

Mwezi uliopita binti nisiyemjua aliingia ofisini kwangu, akaweka karatasi kuukuu mezani, akataka nimsomee nyota za mwanamume aliyechorewa chati ile ya kuzaliwa.

Nyota zilikuwa zangu.

Naitwa Sadashiv Kolhatkar, miaka sitini na mitatu. Nasoma nyota za watu hapa mjini Wai, kwenye chumba nyuma ya hekalu, karibu na ngazi za mto Krishna. Naishi peke yangu. Mtungi wa gesi ambao jirani anaumaliza kwa mwezi, mimi unanifikisha miezi mitano. Hapo mmeshanielewa.

Binti aliitwa Ketaki, mfanyakazi wa benki kutoka mji jirani, Satara. Alikuwa amelowa mvua na amefura kwa hasira.

"Guruji," akaniita kwa heshima, "huyu mtu ni wa namna gani?"

Niliutambua mwandiko. Ulikuwa wa marehemu mwalimu wangu. Nikajikaza.

"Ni nani kwako?"

"Simjui, jina limechanika. Nimeikuta kwenye sanduku la shangazi yangu, chini ya sari. Shangazi hakuolewa. Kila nikimuuliza sababu ananituma jikoni."

"Shangazi anaitwa nani?"

"Vasudha."

Vasudha huyo nilimjua.

Kwetu, kabla ya posa, familia hubadilishana chati za kuzaliwa. Miaka thelathini na moja iliyopita yangu ilipelekwa kwa kina Vasudha. Nilikuwa nimeonana naye mara nne tu, na mara ya pili nilikuwa nimeshakwisha kwa mapenzi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akicheka mpaka anashika ukuta.

Kisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaandika barua ya kuvunja mpango huo.

"Unasoma au nikatafute mwingine?" Ketaki akauliza.

Nikamwonyesha nyumba ya nne kwenye mchoro. "Hapa ndipo maskani ya mtu. Huyu ni Mwezi, ndiye moyo. Na huyu aliyembana ni Shani, Zohali. Huyo ni baridi, ucheleweshaji na upweke. Wakikaa pamoja hapa, nyumba haipati joto. Mwenye chati hii aliambiwa akioa, mateso yatamwangukia mke."

"Kwa hiyo alimkimbia shangazi ili amwokoe?" Akapiga makofi mara moja. "Shujaa! Mpeni taji!"



Akaivuta karatasi, akasoma pembeni. "Jumatatu, tarehe kumi na moja, saa kumi alfajiri." Akaguna. "Hii Jumatatu ni ya saa ya ukutani au ya wazee?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mimi nilizaliwa saa tisa usiku. Cheti kinasema Jumamosi. Mama anasema Ijumaa, eti jua lilikuwa halijachomoza. Kila mwaka tunagombana siku ya kukata keki."

Jamani! Hilo swali mimi humuuliza kila mteja. Kwa wazee wetu siku haigeuki usiku wa manane, inageuka jua likitoka. Mtoto akizaliwa usiku wa kuamkia Jumanne, mama atasema Jumatatu, na baba ataandika tarehe ya Jumatatu. Asiyeuliza anachora chati ya siku iliyotangulia. Nimewasahihishia watu kosa hilo mara nyingi mno.

Yangu sikuwahi kuigusa. Aliichora mwalimu wangu kutokana na maandishi ya baba, na mwalimu wangu nilimwogopa hata alipokufa.

Nikakumbuka hadithi ya marehemu mama, ileile kila mwaka: "Nilifunga Jumatatu kutwa kwa ajili ya mungu wetu Shiva, uchungu ukanianza nikiwasha taa za jioni."

Jioni ya Jumatatu! Basi hiyo saa kumi alfajiri ilikuwa ya Jumanne.

Nikavuta almanaka ya nyota ya mwaka niliozaliwa. Nikapiga hesabu ya Jumanne. Mwezi hauna subira, siku moja inatosha kabisa kuuhamisha. Ulikuwa umeshatoka nyumba ya nne na kumwacha Zohali nyuma. Ulikuwa umekaa nyumba ya tano.

Nyumba ya tano ndiyo ya watoto.

Nikalia mbele ya mteja, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

"Guruji? Kwani huyu mtu ni nani?"

"Ni mimi, mwanangu."

Alinikazia macho, nikajua anatafuta tusi. Badala yake akachukua funguo za skuta. "Vaa koti. Ukamwambie mwenyewe."

Tulifika Satara alasiri, tumelowa chapachapa. Vasudha akafungua mlango. Nywele zilikuwa nyeupe, macho yaleyale. Nikasahau hata salamu. Nikatandaza karatasi kwenye meza yake.

"Vasudha, ni kosa la siku moja! Shani hakukaa na Mwezi. Hapakuwa na kitu!"

Akavaa miwani. Karatasi hakuitazama, alinitazama mimi.

"Najua."

"Unajua?"

"Mama yako alinisimulia ule mfungo siku mlipokuja kuniona. Barua yako ilipofika nikaenda kwa msoma nyota wa Pune, akaichora upya. Nimejua tangu mwezi uleule."

"Mbona hukuniambia?"

"Ili iweje? Uje kwa sababu karatasi imekuruhusu?" Sauti yake haikupanda. "Nilitaka uje na huyo Shani wako mgongoni, useme, Vasudha, naogopa, lakini nimekuja. Nilikungoja hivyo miaka mitatu. Halafu nikazoea."

Ketaki akainamisha kichwa.

"Na leo umekuja," Vasudha akamalizia, "baada ya kuhakikisha njia ni salama."

Aibu ilinishika. Akaenda jikoni, kisha akachungulia mlangoni.

"Unatia sukari kwenye chai?"

Swali dogo kama hilo, na hakuwa na jibu lake kwa miaka thelathini na moja. Hapo ndipo nilipoelewa nilichopoteza.

"Vijiko viwili."

"Kwa umri huo? Utapata kimoja."

Tukanywa chai. Nilipoaga nikanyoosha mkono nichukue chati yangu. Akaikunja kabla sijaifikia.

"Hii inabaki," akasema.

Nikarudi Wai, kwenye sahani yangu moja na kikombe changu kimoja.

Nawaambia ninyi mnaomkimbia mtu mkisema mnamwokoa: muulizeni kwanza kama anataka kuokolewa. Mimi nilikuwa mwoga, nikaupa uoga wangu jina la nyota. Chati ilikosea siku moja tu. Ile miaka thelathini na moja niliikosea mwenyewe.

Jumatatu nakwenda tena Satara. Sijaalikwa. Wateja kila siku huniuliza saa njema ya kuanza safari, nami huwatafutia kwenye almanaka.

Ya safari hii sijaitafuta.