Simu ya Baba Iko Chaji

Daktari alikuwa ameshashika bomba la sindano ndipo akaniuliza, "Kuna dawa inayomdhuru huyu mtoto?"

Nikamwambia ipo. Mwaka jana, kwenye zahanati ya kijijini kwetu Sepuka, walimchoma sindano ya kifua, akavimba midomo na macho yakafumbika. Dawa gani? Sijui. Siku ile nilikuwa nimepakata mtoto anayekosa pumzi, sikuwa nasoma vichupa.

"Basi tufungue taarifa zake," akasema, akageukia kompyuta.

Taarifa zilikuwepo. Siku ya kuandikishwa tulielezwa vizuri tu: mfumo unaitwa blokcheni, kumbukumbu za mgonjwa zinafungwa moja kwa nyingine kama mnyororo, kila zahanati na hospitali iliyomo inashika nakala, na hakuna wa kufuta wala kuchungulia kimya kimya. Anayetaka kusoma anaomba, halafu namba ya siri inakwenda kwenye simu ya mwenye ruhusa. Safi kabisa. Ila mwandikishaji alichukua namba ya mume wangu. Nilipomnyooshea simu yangu alicheka. "Mama, mwenye nyumba si huyu hapa?"

Sasa tuko hospitali mjini Singida, binti yangu ana oksijeni puani na mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, na kompyuta inasema namba imetumwa kwa baba.

Nikampigia. Hapatikani. Nikapiga tena. Ilikuwa Jumapili, zahanati ya kwetu imefungwa, hakuna wa kumuuliza jina la dawa. Nikampigia mama mkwe.

"Mama, simu ya mwanao iko wapi?"

"Siku hizi hatuamkiani?"

"Shikamoo mama. Simu iko wapi?"

"Marahaba. Iko dukani, inachajiwa. Mwenyewe yuko bondeni na ng'ombe. Mbona unafoka?"

"Mjukuu wako anakufa, mama. Nenda dukani."

Hakuuliza tena. Nilisikia ndala zake zikipiga chini, anakimbia, mtu ambaye magoti yanamsumbua kila siku.

Daktari akamtazama mtoto, akatazama saa ya ukutani. "Nasubiri kidogo," akasema. "Kidogo tu."

Nilitaka kumtukana mtu na sikujua nianze na nani.

Mwenye duka akaiwasha ile simu. Kwenye simu ya mama mkwe nikamsikia akisoma namba ya siri mbele ya wateja wake, kwa sauti, kama anataja bei ya sukari. Nikairudia kwa daktari, akaiingiza, taarifa zikafunguka. Juu kabisa, kwa rangi nyekundu, kulikuwa na jina la dawa. Ndiyo iliyokuwa ndani ya bomba.

Akaliweka chini, akatoka haraka kwenda kuleta dawa nyingine.

Nikakaa sakafuni. Machozi hayakuja. Siri za mwanangu amezifungua muuza sukari, mimi niliyembeba mgongoni sina ruhusa.

Mume wangu alipofika, mtoto alishaanza kunywa uji. Nilimshika mkono, nikampeleka moja kwa moja hadi dirisha la kuandikisha.

"Weka na namba yangu," nikamwambia dada wa pale.

"Baba aridhie kwanza."

"Ridhia," nikamwambia mume wangu. Akaridhia, macho kwenye viatu vyake.

Dada akanigeuzia kompyuta nione. Palikuwa pameandikwa kwamba taarifa zilifunguliwa kwa idhini ya baba.

"Futa hiyo. Huyu alikuwa na ng'ombe."

"Haifutiki, mama. Inaongezwa tu."

"Basi ongeza."

Akaongeza. Ule uongo uko pale, kwenye kila hospitali iliyomo, na utanizika. Lakini chini yake kuna namba yangu. Na mimi nikipeleka simu kuchaji dukani, nakaa hapohapo kwenye benchi mpaka ijae. Mwenye duka anasema namfukuzia wateja. Wafukuzike.