Karatasi ya Mutua

Siku aliyokuja Athmani kunialika harusi yake, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe. Nilikuwa tabibu kijana katika kliniki moja ya Kibokoni, na furaha yake ilinitia baridi mwilini. Lakini nianzie nyuma kidogo, upate kunielewa, wewe unayeanza kazi hii ya kugusa miili ya watu.

Mwanamume akija kwa sababu hajapata mtoto, mimi ndiye niliyempima ukubwa wa korodani. Nilikuwa na shanga za mbao, umbo la yai, zimetungwa kwenye uzi kutoka ndogo hadi kubwa, kila moja na namba yake ya mililita. Mkono mmoja washika korodani, wa pili watafuta shanga inayolingana nayo. Nilijivunia vidole vyangu.

Kisha akaja Mutua, kijana wa Machakos, fundi wa altrasaundi. Yeye aliiona korodani kwenye kioo, akapima urefu, upana na kina, na mashine ikamtolea jibu. Alikuwa mpole, hana makuu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa na maringo ningepata sababu ya kumchukia. Wagonjwa wakaanza kumuulizia. Barazani wazee wakamsifu. Hata mamangu, Mungu amrehemu, asubuhi moja alinipa mahamri ya moto nimpelekee, kwa kuwa yuko mbali na kwao. Niliyala yote njiani, mwanangu, na sikuona ladha yake.

Mkuu wetu, Dokta Zuhura, alitaka kujua vipimo vyetu vyapishana vipi. Akaagiza kila nitakayempima mimi, Mutua ampime pia bila kuona jibu langu, kisha karatasi yake iletwe kwangu, maana mimi ndiye niliyezungumza na wagonjwa. Shanga zangu zilizidi karibu kila mara, hasa kwa korodani ndogo, kwani vidole hushika na ngozi pia. Mutua hakunicheka. Mimi ndani nilikuwa nawaka.

Ndipo akaja Athmani, muuza vitunguu Marikiti, miaka minne na mkewe Mwanaisha bila mtoto. Shanga zikaniambia kumi na tano kila upande, mtu mzima aliye sawa. Karatasi ya Mutua ikasema saba na nane, na kwamba maji yaliyozizunguka ndiyo yanayozifanya zionekane kubwa. Alishauri mbegu zipimwe. Niliisoma mara mbili, nikajua ni kweli. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Nikamwambia Athmani, "Wewe uko sawa. Tatizo si lako."

Miezi ikapita. Siku hiyo ya mwaliko alinishika mkono akanishukuru kwa kumfumbua macho. Alikuwa amempa Mwanaisha talaka, amemrudisha kwao Likoni, na sasa anaoa mwengine. Alipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa Dokta Zuhura, nikamwekea ile karatasi mezani.

Aliisoma bila haraka. "Shanga kuzidisha si kosa lako, Salim," akasema. "Kosa lako ni kuificha hii. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nilimfuata Athmani, nikamwambia. Akaomba apimwe mbegu. Zilikuwa chache mno. Akaahirisha harusi, akanitaka niende naye Likoni nikaseme mbele ya wakwe zake. Tulivuka kwa feri. Eda ilikuwa imeshakwisha, kwa hiyo kumrudia mkewe kulihitaji ridhaa yake na ndoa mpya.

Babake Mwanaisha alitukaribisha kwa heshima, na bintiye akaketi karibu na mlango. Nikaeleza yote, na wivu wangu nikautaja kwa jina lake. Mwanaisha alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi, daktari," akauliza, "nani alinipima?"

Athmani alimwomba arudi. Alitikisa kichwa, akaingia ndani.

Baadaye aliolewa huko huko, akajaaliwa watoto. Athmani alitibiwa, kama alipata mtoto sikujua, maana Marikiti akiniona alikuwa akigeuza uso. Mutua nilimwungamia siku niliyotoka Likoni. Aliniambia tu, "Ungekuja kwangu, ningekufundisha." Na kweli akanifundisha.

Basi, mwanangu, usizidharau shanga. Hazihitaji umeme, ni za haraka, na mkono ule ule ukimpima mtu yule yule mara kwa mara zitakuonyesha mabadiliko. Rula, ukipimia urefu wa korodani juu ya ngozi, nayo yafaa kwa makisio tu. Lakini ukihisi maji, au udogo, au ukijua neno lako litaamua ndoa ya watu, mpeleke mgonjwa kwenye mashine, na usimhukumu mke ambaye hakupimwa. Na siku jibu la mwenzako litakapokuchoma moyo, msomee mgonjwa hilo kwanza, kabla ya lako.

Mola akupe vidole vyepesi na kifua kipana. Akuoneshe neema ya mwenzako uifurahie kama yako, na asikufikishe mlangoni pa mtu ukiwa umebeba jambo kama nililobeba mimi. Amin.