Mabomba Chini ya Gunia
Fundi yule wa Kabambare hazungumzi akiwa kazini. Mkono wa kushoto huzungusha bomba lililopata moto, wa kulia hugonga taratibu, mpaka mdomo wa bomba unabana na chuma kinakazana. Uma wa baiskeli aliougonga yeye hauvunjiki hata kwenye njia mbovu ya kwenda Wamaza. Subira, ambaye mumewe aliuawa shambani kwa bunduki ya kienyeji, ile inayoundwa kwa bomba, alimpelekea uma wake uliopasuka. Akingoja, aliona mabomba manene, mafupi, chini ya gunia.

“Hizi ziko za nini, fundi?”

“Za baiskeli, mama.”

“Baiskeli gani inauaka watu?”

Nyundo ilisita. Fundi hakuinua macho.

“Miye siulizake watu wanazifanyiaka nini, mama.”

Subira akauchukua uma wake vilevile, mbovu, akaenda zake kwa miguu.